Tuktuk kwa mkopo: asilimia 14 fleti na asilimia 18 ya benki, ipi nafuu jamani?

mwana_wa_bombolulu
Salaam aleikum watu wa Mvita na wengineo, naomba mnisaidie akili maana kichwa kimezunguka. Mimi naendesha tuktuk ya mtu, Bombolulu Kongowea, siku nyengine nafika mpaka Buxton. Tajiri nampa hesabu alfu moja kila siku, abiria wapatikane wasipatikane, mafuta juu yangu, pancha juu yangu. Nimekaa nikafikiria, kuliko kumjazia mtu mfuko si afadhali hio alfu niwe nalipia chombo changu mwenyewe. Nimeona tuktuk mpya ya laki nne na themanini, mimi nimeweka weka nina laki moja na themanini, kwa hivo nakosa laki tatu.

Sasa nimeenda sehemu mbili. Kuna kampuni ya mikopo hapa town wananiambia asilimia 14 kwa mwaka fleti, miezi 24, logbuku (ile hati ya umiliki wa chombo) wanakaa nayo wao mpaka nimalize. Halafu kuna benki wao wasema asilimia 18 kwa mwaka lakini ni ya ridyusing balansi, pia miezi 24. Mimi na shule yangu ya darasa la nane naona 14 ni ndogo kuliko 18, na yule kijana wa kampuni kaniambia vivo hivo, "bro, hesabu haidanganyi". Mke wangu ako kwa duka la mpesa, yeye amekataa kabisa, yuasema usitie sahihi chochote mpaka uulize watu. Basi nauliza.

Na pia nasikia kwa redio kila mara Benki Kuu imeshusha riba, mbona sisi huku chini hatuoni kitu kushuka?

karani_mstaafu
Waaleikum salaam kijana. Nilikaa kwa dawati la mikopo Digo Road miaka mingi kabla kustaafu, na hili swali ndilo nililokuwa naulizwa kuliko yote, kwa hivo ntakupa hesabu yenyewe uione kwa macho yako. Chukua kalamu.

Fleti maana yake riba inapigwa kwa ile laki tatu nzima toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hata kama ushalipa nusu. 14 kwa mia ya 300,000 ni 42,000 kwa mwaka, miaka miwili 84,000. Jumla warudisha 384,000, gawa kwa 24 ni 16,000 kila mwezi. Ndani ya hio 16,000 kuna 12,500 ya asili na 3,500 ya riba, mwezi wa kwanza 3,500, mwezi wa kumi 3,500, mwezi wa ishirini na nne vilevile 3,500. Sasa tazama huo mwezi wa mwisho, deni lililobaki ni 12,500 peke yake lakini bado unatozwa riba ya 3,500 kana kwamba laki tatu zote ziko mfukoni mwako.

Ile ya benki riba inapigwa kwa salio lililobaki. 18 kwa mwaka ni moja na nusu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 4,500, na hapo ndo watu wengi wanashtuka wanasema benki ni wezi mbona imeanza juu. Lakini mwezi wa pili deni limeshuka mpaka kama 289,500 kwa hivo riba ni 4,343, wa tatu 4,183, inateremka hivo hivo. Ukimaliza mwaka riba ya mwezi ni kama 2,450 tu. Malipo yako kwa mwezi ni 14,977 na ukijumlisha yote utakuwa umelipa kama 359,450. Riba yote 59,450.

Kwa hivo ile "14" ni ghali kuliko ile "18" kwa takriban 24,500. Ukitaka kuifanya ile fleti yao isomeke kwa mtindo wa benki inakuja karibu asilimia 25 kwa mwaka. Huyo kijana aliyekwambia hesabu haidanganyi kasema kweli, ila hakukufanyia hesabu.

Siku nyengine usiulize asilimia. Uliza "nikimaliza ntakuwa nimelipa shilingi ngapi jumla, pamoja na ada zote", aandike kwa karatasi na muhuri. Akikataa kuandika, ondoka.

changamwe_finest
hahaha eti hesabu haidanganyi 😂😂 maze hao maboy wa komisheni hawana huruma

karani_mstaafu
Kijana wa watu ana tageti ya kutimiza mwisho wa mwezi. Mimi simlaumu sana, nawalaumu waliomfunza kuongea hivo.

mama_asha_kisauni
Mwanangu mimi nakushauri achana na wote hao, ingia sacco, chama cha ushirika cha kuweka akiba na kukopa. Saccos nyingi riba yao ni asilimia moja kwa mwezi na ni ya salio linalopungua hio, sio ya fleti. Sisi kwetu unakopa mara tatu ya akiba yako, kwa hivo ukitaka laki tatu uwe na akiba ya laki moja, na wewe ushasema una laki moja na themanini, wacha laki iingie sacco hio themanini ibaki. Shida yake ni kwamba hawakupi kesho, lazma uwe mwanachama miezi kadhaa wakuone unaweka, na utafute wadhamini. Na hio akiba usidhani utaitoa ukitaka, inakaa pale mpaka uache uanachama. Mimi nimemsomesha mtoto chuo kwa sacco na sijui shailoki, hawa wakopeshaji wa riba kubwa, ana rangi gani.

karani_mstaafu
Bi Asha yuasema kweli. Laki tatu kwa asilimia 1 kwa mwezi miezi 24 ni malipo ya 14,122, jumla kama 338,900. Riba haifiki alfu 39. Hakuna benki itakupa hivo mtu wa kawaida. Lakini kijana kumbuka akiingiza laki moja kama akiba ile dipoziti yake ya tuktuk yabaki 80,000, kwa hivo hatakosa laki tatu tena, atakosa laki nne, na laki nne yataka akiba ya zaidi ya 133,000. Piga hesabu vizuri kabla hujajiunga.

mama_asha_kisauni
Eeh hapo sikupaona. Basi aanze kuweka akiba sasa hivi, tuktuk haziishi kiwandani.

dereva_wa_mtwapa
Mi niongee kama mtu wa barabarani sio wa ofisini. Ndugu yangu hesabu ya alfu moja kwa siku ukiizidisha kwa siku 26 ni 26,000, ukitazama juu juu waona 16,000 ya mkopo si kitu na yabaki alfu kumi. Ngoja nikwambie hio alfu kumi yaenda wapi. Bima ya PSV (chombo cha abiria), sevisi, matairi, kilachi ikiisha, stika ya kaunti, na siku ile askari amekuweka kando pale Kengeleni bila sababu unayoijua. Hayo yote saa hizi ni ya tajiri (ukiondoa askari), ikiwa yako ni yako. Halafu kuna mwezi wa tano, mvua ikishika njia za ndani za Kisauni hazipitiki, shule zikifungwa wateja wa asubuhi wote wapotea, Ramadhani mchana hakuna mtu anayetoka unangoja mpaka baada ya futari. Mwezi wa kumi na mbili wageni wa bara wakishuka ndo utapata mpaka usahau kula. Lakini mkopo haujui msimu, tarehe tano ni tarehe tano.

Rafiki yangu wa steji alichukua chombo kwa hawa wa fleti, kampuni siitaji, akachelewa miezi miwili kwa sababu ya kuugua, walikuja steji na funguo ya pili wakaiwasha mbele ya abiria wakaenda nayo. Abiria wameshuka na mizigo yao ya Kongowea, mihogo imetapakaa chini. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa ashalipa zaidi ya nusu.

Wewe kabla hujachukua chochote uwe na malipo ya miezi miwili pembeni ambayo hutayagusa. Kama huna, hujakuwa tayari, hata riba iwe sifuri.

abu_salim_majengo
Assalaam aleikum. Mbona mwamfundisha kijana riba ipi nafuu, riba ni riba iwe moja iwe kumi na nne. Hapa Mombasa tuna benki za kiislamu tangu 2008, Gulf African na ile First Community ambayo siku hizi yaitwa Premier Bank. Nenda uulize murabaha ya chombo. Benki yenyewe ndo inanunua ile tuktuk kwa muuzaji, inakuwa mali yao, halafu wanakuuzia wewe kwa bei ya juu mnayokubaliana siku ile ile. Hakuna riba na bei haipandi hata ukichelewa. Ile faini ya kuchelewa wakikutoza haiingii kwa faida yao, yaenda kwa sadaka.

changamwe_finest
shekhe na heshima zote, si ni the same tu wamebadilisha jina? mwisho unalipa zaidi ya bei ya duka

abu_salim_majengo
Si sawa kijana. Wewe ukienda Marikiti ununue gunia la mchele uuze kwa faida hio ni biashara, Mwenyezi Mungu kahalalisha biashara akaharamisha riba. Kinachotazamwa ni je, benki ilimiliki kile kitu kabla kukuuzia? Kama walikupa pesa mkononi wakakwambia nenda kanunue mwenyewe, hio hata mimi nakuwa na shaka nayo. Kwa hivo muulize ofisa, stakabadhi ya muuzaji itaandikwa jina la nani?

karani_mstaafu
Mimi dini namwachia Abu Salim, amenizidi elimu. Kwa upande wa shilingi nasema hivi, murabaha ina uzuri mmoja mkubwa, bei ni moja na waijua siku ya kwanza. Lakini nayo ulize jumla. Kuna wanaopiga faida yao kwa mtindo ambao ukiugeuza uko sawa na ile fleti, na kuna walio karibu na benki nyengine. Na uliza ukimaliza mapema kama watakupunguzia, wengine wanapunguza kwa hiari yao lakini haiandikwi kwa mkataba.

Hapo kwa kumaliza mapema niongeze kitu maana watu wengi huumia hapo. Tuseme mwaka umeisha, umepata pesa za urithi ama chama kimekufikia, wataka kufunga deni. Kwa benki ya salio linalopungua deni lililobaki baada ya malipo 12 ni kama 163,400, walipa hio na labda faini ndogo, umetoka. Kwa kampuni ya fleti wengine watakwambia bado 12 mara 16,000, yaani 192,000, kwa sababu riba ya miaka miwili walishaiandika yote siku ya kwanza. Hapo asili iliyobaki ni 150,000 tu, hio 42,000 nyengine ni riba ya mwaka ambao hata hujautumia. Soma ule mstari wa mkataba kabla ya kutia sahihi. Haukosekani, na mara nyingi uko ukurasa wa nyuma.

mwana_wa_bombolulu
Wallahi nimesoma zote na mke wangu amesoma, amenitazama tu hakusema kitu lakini najua yuasema nini 😅 Shukran sana mzee karani, na Bi Asha, na shekhe, na ndugu wa Mtwapa. Hilo la funguo ya pili limenikosesha usingizi.

Maswali mawili. Nna Fuliza, ule mkopo wa mpesa salio likiisha, naitumia mara kwa mara na zamani nilikopa app moja nikachelewa kulipa, ilikuwa mia nane hivi, itakuwa niko CRB, kule kwa rekodi za wasiolipa madeni? Na pia lile la Benki Kuu hakuna aliyenijibu.

nyali_bookkeeper
La CRB nakujibu mimi. Kwa kanuni za 2020 deni lisilofika 1,000 halifai kupelekwa CRB kama deni baya, kwa hivo hio mia nane usihofu, ila uilipe tu uachane nayo. Na kabla hawajakuorodhesha lazma wakupe notisi ya siku 30. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa hao wa CRB, wako watatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Iombe sasa kabla ya benki kuiomba, maana kama kuna makosa utayarekebisha wewe mwenyewe polepole, sio siku ambayo ofisa amekukazia macho. Ukilipa deni baya rekodi haifutiki siku hio hio, inakaa miaka mitano lakini inaonyesha umelipa, na benki nyingi hilo hulitazama tofauti.

Fuliza usiizoee bwana. Asilimia moja ukichukua na juu yake ada ya kila siku, ukikaa nayo mwezi mzima kwa kiasi kidogo umelipa riba ambayo hata shailoki ataona haya kuitaja. Na ofisa wa benki akifungua stetimenti yako akaona Fuliza, Fuliza, Fuliza kila siku saa kumi na mbili asubuhi, ashajua mafuta ya kwanza wayatia kwa deni.

Benki Kuu sasa. Ile riba wanayotangaza ilikuwa asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushuka Agosti mwaka huo, ikateremka kidogo kidogo mpaka asilimia 9 mwezi wa Desemba 2025. Hio ni riba ya Benki Kuu kwa mabenki, sio yako wewe. Yako ina mzigo juu yake wa gharama zao na hofu yao kwamba hutalipa, na mtu wa tuktuk asiye na pesilipu hofu wanaiweka kubwa. Pia tazama mkopo wako ni wa aina gani. Kama riba yake inaelea itashuka nayo, japo mabenki kupandisha hupanda lifti kushusha hushuka ngazi. Kama ni wa kudumu, ama ni ile fleti ya kampuni, Benki Kuu ishushe mpaka moja, wewe utalipa 16,000 yako mpaka mwisho.

dereva_wa_mtwapa
Si kulikuwa na sheria ya kuwazuia? Nakumbuka kipindi fulani riba iliwekewa kikomo

nyali_bookkeeper
Ilikuwepo, Septemba 2016 mpaka Novemba 2019. Benki hazikuruhusiwa kupita asilimia 4 juu ya ile ya Benki Kuu. Sote tulishangilia. Kilichofuata ni benki zikaona kuliko nimpe mtu wa tuktuk kwa 14 wakati siwezi kumtoza hofu yake, afadhali nimkopeshe serikali ambayo haiugui wala haipati pancha. Watu wadogo wakanyimwa wakakimbilia kwa maapp, na hizo hazikuguswa na kile kikomo. Mimi bado sijui kama nilikuwa nafurahia ama nalia kipindi kile.

changamwe_finest
hustler fund ya serikali je? 8% kwa mwaka si ndo rahisi kushinda zote

mama_asha_kisauni
Hio utanunua tairi mwanangu sio tuktuk 😂 wengi wanaanzia mia tano.

bi_mwanaisha_likoni
Samahani naingilia, nina swali langu dogo. Huyu kijana akiweka hio laki na themanini kwa benki ndogo wakati anasubiri, na benki ikafungwa, anaipata? Mamangu alikuwa na pesa zake Imperial wakati ile imefungwa Oktoba 2015 na alihangaika sana.

nyali_bookkeeper
Pole kwa mama. Wakati ule bima ya amana ilikuwa inalipa mpaka 100,000 tu kwa mtu kwa benki moja. Tangu Julai 2020 ni 500,000. Kwa hivo laki na themanini iko ndani, hata benki iwe ndogo vipi, maadamu ina leseni ya Benki Kuu. Ila hio ni benki, sacco ni habari nyengine, hio bima ya benki haiwahusu.

mwana_wa_bombolulu
Narudi tena. Leo nilipeleka abiria town nikapitia kwa ile kampuni nikawaambia nataka jumla na muhuri kama mzee karani alivosema. Wamenizungusha lakini wamenipa karatasi. Naandika hapa: ada ya kuchunguza mkopo asilimia 3 ni 9,000. Bima ya mkopo 3,000. Traka, kile kifaa cha kufuatilia chombo kiko wapi, 12,000. Kubadilisha logbuku iwe ya majina mawili 4,000. Zote zinakatwa kabla sijapewa pesa.

karani_mstaafu
Jumlisha. Hio ni 28,000. Wewe wakosa laki tatu, wao watakupa 272,000 mkononi, na utalipa riba ya 300,000. Kwa muuzaji utafika ukiwa umepungukiwa na 28,000, utaitoa wapi? Ndo pale mtu anakwenda kukopa kwa simu ili akamilishe mkopo. Waulize pia hio traka ni mara moja ama ni ya kila mwaka, mara nyingi ni kila mwaka na hawataji.

Na benki walikupa karatasi?

mwana_wa_bombolulu
Benki ada ni asilimia 2, yaani 6,000, na bima ya mkopo 2,500, basi. Lakini wao wanataka chombo kiwe na bima kubwa, na wanataka stetimenti ya mpesa ya miezi sita. Hapo ndo nimekwama. Abiria wangu wote hulipa keshi, hesabu ya tajiri nampa mkononi, stetimenti yangu ukiitazama utadhani sina kazi.

nyali_bookkeeper
Hio ina dawa. Fungua Pochi la Biashara ama till, hizi namba za mpesa za kupokelea malipo ya biashara, andika namba nyuma ya kiti chako herufi kubwa, kila abiria mwenye simu mwambie alipe hapo, na ile keshi nayo kila jioni iweke kwa mpesa badala ya kuiweka chini ya godoro. Hata kama kesho yake waitoa. Ofisa anatazama kinachoingia na je, chaingia kila siku. Miezi sita ikiisha una karatasi ya kuongea, na wakati huo huo Bi Asha atakuwa amekuingiza sacco.

mama_asha_kisauni
Inbox mwanangu nikupe siku ya mkutano. Na jambo jengine, umewahi kumuuliza tajiri wako akuuzie hio hio unayoiendesha? Wako madereva wengi wamepata vyombo hivo, unalipa polepole juu ya hesabu mpaka inakuwa yako, hakuna benki hakuna wadhamini.

dereva_wa_mtwapa
Kweli, mimi yangu ya kwanza niliipata hivo. Ila andikeni, na awepo mzee wa mtaa ama chifu, maana matajiri wakiona umekaribia kumaliza husahau mlichoongea.

mwana_wa_bombolulu
Nimemuuliza jioni hii. Kafurahi sana, kwanza nikashangaa. Yuasema nimpe 1,300 kila siku badala ya alfu, siku 26 kwa mwezi, kwa mwaka mmoja na nusu, halafu logbuku aandike jina langu. Sevisi na bima kuanzia leo juu yangu. Hataki dipoziti. Chombo ni cha 2019. Naona kama mambo yameshajipa?

karani_mstaafu
1,300 mara 26 ni 33,800 kwa mwezi. Mara miezi 18 ni 608,400.

Ile mpya, dipoziti yako 180,000 na benki 359,450, ni 539,450 mpaka umalize.

changamwe_finest
sasa naelewa mbona alifurahi

mama_asha_kisauni
Lakini hakuombi dipoziti, laki na themanini yabaki kwako. Tuwe waadilifu, hio nayo ina thamani.

karani_mstaafu
Ina thamani Bi Asha, sikatai. Ndo maana hata mimi simwambii akatae, namwambia arudi na namba yake. Saa hizi tajiri anapata alfu lakini bima na sevisi ni zake. Akimwachia dereva hayo yote, alfu hio hio kwake tayari ni nyongeza. Kijana, mwambie utaendelea kumpa 1,000 kwa siku, miezi 14, sevisi juu yako, dipoziti hakuna. Hio ni 364,000 kwa chombo cha 2019 kilichokwisha kulala kwa mafundi mara ngapi wewe wajua kuliko mimi. Kama hata hio waona ni ghali kwa hali ya injini yake, shuka tena. Akikataa, abaki nayo, wewe fungua Pochi.

mwana_wa_bombolulu
Injini ilifunguliwa mwezi uliopita. Namwambia miezi kumi na mbili.